Kisimani Hakuna Upepo

Tata,

Wenzangu wakiwaandikia marehemu wao huanza na "mpendwa". Mimi neno hilo limenikwama, kwa hiyo tuanze bila hilo.

Nakuandikia kwa sababu Ta Kaijage, mwenzako wa mashuani, amenipigia simu kutoka ufukweni. Anasema kamba ya kupandishia tanga imechoka, na tangu tulipokuzika hakuna wa kuamua juu ya mashua ila mimi, mwanao wa pekee. "Waitu, niambie tubadilishe au tuvuke nayo msimu huu," alisema. Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Bukoba, nashona sare za shule. Nikamjibu kwamba nakuja. Nilipokata simu, hasira ilinipanda mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Umetuacha kitambo sasa na bado unaniuliza habari za kamba.

Mengi hukunifundisha, lakini kamba ulinifundisha. Mashua ilikuwa imevutwa mchangani, wewe umekaa ubavuni pake na punje za kahawa ya kutafuna shavuni, unaipitisha kamba kiganjani polepole toka ncha hadi ncha. Nilikuwa mdogo, nimechuchumaa miguuni kwako. Ukanishika mkono. "Fumba macho," ukasema. "Macho yanadanganywa na rangi." Nikafumba. Kamba ikapita mkononi mwangu, laini, laini, kisha nikahisi ukavu. "Hapo," ukasema kabla sijafungua mdomo. Palikuwa ni pale inapopita kwenye kapi juu ya mlingoti, inaposagwa kila tanga linapopanda na kushuka. Ukaipindua kinyume cha msokoto wake, ikafunguka, na ndani tukaona vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Nje ilikuwa bado inang'aa. "Kamba inafia ndani," ukaniambia. "Ukingoja uione nje, utaiona ukiwa katikati ya ziwa."

Na kulikuwa na lile neno lako ambalo wavuvi wote wa upande wetu walilijua: siku ukijiuliza kama kamba itavuka msimu, imekwisha kukujibu. Hukubishana na kamba. Kila mwaka, kabla upepo wa kusini haujaamka, ulitoa za zamani na kuweka mpya, hata zile ambazo Ta Kaijage aliapa kuwa ni nzima. Watu walikucheka kwamba unaivisha mashua kuliko unavyojivisha mwenyewe, na shati lako lilikuwa ushahidi. Ulicheka pamoja nao, kisha ukabadilisha. Siku hizo za kubadilisha nilizipenda. Tulishona tanga pamoja, wewe upande huu na mimi ule, na sindano ile kubwa ikipita kati yetu. Ushonaji wangu ulianzia pale. Nilikupenda sana, Tata, na sioni aibu kuliandika.

Sasa, zile kamba za zamani. Unajua zilikokwenda.

Zilikuja nyumbani. Ulizikunja vizuri, ukazitia begani, ukapanda nazo kilima, ukamkabidhi mama mlangoni kama mtu aliyerudi safari na zawadi. "Nimekuletea kamba." Mama akapokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. "Kasinge, waitu," akashukuru. Zikafunga mbuzi. Zikafunga kuni, na nyasi za kutandaza kibanjani. Zikaanikiwa nguo. Zikashikilia migomba iliyolemewa na mikungu. Na ile ndefu kuliko zote, iliyokuwa ya tanga, ikaenda kisimani. Kamba mpya mama hakuwahi kuishika. Ziwa lilikula kwanza, yeye akapewa makombo.

Nilipomaliza kujifunza ushonaji nilikuja kupumzika nyumbani, nikaenda kuteka maji. Mkono wenyewe ulifanya kama ulivyoufundisha. Nilifumba macho, nikaipitisha kamba, na kabla sijafika nusu nikakuta ukavu. Nikaipindua. Vumbi likanimwagikia vidoleni. Nikakufuata barazani ulikokaa na Ta Kaijage mkinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikakuambia, "Tata, kamba ya kisimani imekufa."

Ulifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ulifurahi. Ulimgeukia Ta Kaijage ukasema, "Unaona? Huyu mkono wake unaona." Ukanisifu kama ambavyo hukuwahi kunisifu shuleni wala kanisani. Kisha ukanywa funda moja, ukafuta mdomo, ukasema, "Lakini kisimani hakuna upepo, mwanangu."

Mlicheka mpaka kibuyu kikatikisika. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, mlango uko wazi. Yeye hakucheka.

Haukupita muda. Mlitoka visiwani mmepigwa na mawimbi, mmelowa na mna njaa, na mama akakimbilia kisimani ili mpate maji ya kuoga. Ndoo ilikuwa imejaa na imefika katikati kamba ilipokatika. Anayevuta mzigo kwa nguvu zote ukamponyoka huanguka chali, na mama aliangukia jiwe la kufulia. Nyonga ikavunjika. Nilipofika hospitali nilikukuta umekaa miguuni pa kitanda chake, kofia mkononi. Nilingoja useme neno. Wewe uliyejua kamba kuliko mtu yeyote kando ya ziwa hili, nilingoja useme neno moja tu, hata kwa sauti ya chini.

"Alivuta kwa pupa," ulisema.

Mama aligeuza uso ukutani. Mimi nilikwenda nyumbani kumchukulia nguo, nikapita kisimani. Ulikuwa umeshafunga kamba nyingine. Niliipitisha kiganjani. Ilikuwa ya mashua, nayo imechoka.

Mfupa uliunga vibaya. Toka siku ile mama anatembea na fimbo, mguu mmoja haukunjiki, na kanisani hukaa mwisho wa benchi ili asiwasumbue watu wanaopita. Wewe uliendelea kubadilisha kamba za mashua kila mwaka, na kumletea mama za zamani, zimekunjwa vizuri.

Siku ya mazishi yako watu walijaa mpaka kwenye migomba. Ta Kaijage alisimama, akavua kofia, akasema, "Huyu tunayemzika hakupoteza mtu hata mmoja ziwani." Watu wakaitikia kwa kuguna, wengine wakalia. Ni kweli, wala simbishii. Ila mimi nilikuwa nimekaa na mama kwenye mkeka, mguu wake umenyooshwa mbele ya watu kwa kuwa hawezi kuukunja, na nilitaka kusimama niwaulize: na nchi kavu je? Sikusimama. Msiba una adabu zake.

Basi, juzi nilinunua bunda la kamba mpya mjini, nikaenda nalo nyumbani kwetu Muleba. Ta Kaijage alinipokea ufukweni. Ametuzeekea, lakini bado anaivuta nanga mwenyewe. Tulishusha kamba ya tanga, nikafumba macho, nikaipitisha. Pale pa kapi ilikuwa imekufa kabisa.

"Tunabadilisha," nikamwambia.

Alinyoosha mikono apokee bunda. Nikamwambia asubiri kidogo, nikalitia begani na kupanda nalo kilima. Alinifuata akihema, akanikuta kisimani nimeshateremsha kamba mpaka chini na kuipima, kisu mkononi.

"Hiyo imepimwa kwa ajili ya tanga," alisema. "Ukikata hapo haitatosha."

"Haitatosha."

"Tata yako angeanza na mashua."

"Najua, Ta Kaijage. Na wewe ulikuwepo alipoanza na mashua."

Alitazama chini, kisha akakaa kwenye lile jiwe la kufulia. Nikakata. Mashua italala mchangani mpaka nitakaporudi na bunda jingine, na watu wa visiwani watasubiri ndizi ambazo mashua huwapelekea. Wasubiri. Huku kwetu kuna mtu amesubiri zaidi.

Mama alikuja na fimbo yake. Bado anateka mwenyewe, ameegemea nguzo, na ukimsaidia anakasirika. Aliishika ile kamba, na cha kwanza alilalamika: inateleza, ya zamani huwa imezoea mkono. Nikatamani kucheka na kulia pamoja. Kisha, Tata, akafumba macho. Akaipitisha kiganjani polepole, akafika mahali akasimama, akaipindua kinyume cha msokoto na kuchungulia ndani. Vilevile kama wewe.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Zote ziliishia kwangu. Nani angezijua zaidi yangu?"

"Ile iliyokuangusha, ulijua imechoka?"

"Nilijua siku aliyoileta."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwambia. Siku ile, na siku nyingine, na nyingine."

"Akasema nini?"

Mama aliteremsha ndoo. Kamba mpya ilimpita mikononi, nyeupe, inakwaruza, na tukasikia ndoo ikigusa maji.

"Unajua alichosema," akanijibu.

Miaka yote nilidhani lile neno uliliokota palepale barazani, kwa sababu ya rubisi na kwa sababu ulitaka kunichekesha. Kumbe lilikuwa jibu la siku zote, na mama alikuwa amelizoea kabla yangu. Alivuta maji akijua, kila asubuhi, kwa kuwa maji yalitakiwa.

Ile kamba ya zamani ya tanga nimeichoma nyuma ya nyumba. Ilinuka vibaya. Mama alinung'unika kwamba ingefunga mbuzi, na Ta Kaijage akamuunga mkono, nikawaacha wanung'unike mpaka ikaisha. Hakuna kamba nyingine itakayopanda kile kilima ikitoka ziwani, maadamu mimi nipo.

Nakuaga sasa. Najua watu wanasema aliyekufa aachwe apumzike, na sikukatazi kupumzika. Lile neno la mwanzo bado limenikwama. Jana nilimwambia mama kwamba nakuandikia, nikamuuliza kama ana ujumbe. Akiwa ameshika ndoo iliyojaa, alisema nikusalimie. Kisha akaniita nilipokwisha kugeuka.

"Mwambie hii ni mpya," alisema.

Bintiyo