Kawa la Saba

Oud Metha,
Dubai.
Jumapili, 11 Januari 2026

Mpendwa Mama mdogo Rukiya,

Assalaam alaykum warahmatullah, na shikamoo nyingi kutoka kwa mwanao Hilwa. Goti lako linaendeleaje? Zein aliniambia kwamba siku hizi ukitoka sokoni unapumzika mara mbili njiani, na kwamba dawa ya kuchua uliyopewa huitumii kwa sababu inanuka. Itumie, Mama. Na paa la jikoni limeshazibwa, au mvua ikinyesha bado unapikia upande mmoja?

Mimi kwa mwili ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Baridi ya hapa imefika, ile ya kuvaa sweta asubuhi na kuivua adhuhuri. Nywele zinakatika kidogo, basi nazifunga.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako ni ya nyumba nzima, na mimi kwenye simu ni muongo. Nikisikia sauti ya mtu ninayempenda, nasema kila kitu ni kizuri. Nina jambo moja tu la kukuomba, nalo ni zito, kwa hiyo nalitaja mapema usome mengine ukiwa unalijua. Sitaki kuolewa na Abdulbasit. Nataka wewe ndiye umwambie Baba, kabla ya Ijumaa ya pili ya Shaabani.

Najua unatafuta pa kukaa. Kaa, Mama.

Siku ya posa mlikuwa wote ukumbini kwa Baba, nyinyi na wazee wa kina Abdulbasit, na simu imewekwa spika juu ya meza. Upande wenu unaujua. Wangu ulikuwa hivi: nilikuwa ofisini, na mbele yangu ameketi dada Khairunisa. Yeye ni bosi wangu, na ni dada mkubwa wa Abdulbasit. Kibali changu cha kuishi hapa kimetoka kwenye leseni ya duka lake la mapambo ya harusi. Pasi yangu imo katika kabati lake, kwa usalama, pamoja na pasi za wenzangu. Baba akauliza, "Hilwa, umeridhia?" Dada Khairunisa akanitazama kwa tabasamu, mkononi ana kikombe cha chai aliyotaka kunipa. Nikanyamaza, natafuta neno. Nikamsikia Baba akisema, "Alhamdulillahi, amenyamaza," na vigelegele vikaanza. Cha kwako nilikitambua.

Kimya cha mwanamwali ni ridhaa yake. Ndivyo tulivyofunzwa chuo cha Kurani, na sina ugomvi na mafunzo hayo. Lakini aliyefunza hivyo sidhani alimfikiria msichana aliyekaa mbele ya dada wa mposaji, juu ya kiti cha dada huyo, katika nchi anayoishi kwa jina la dada huyo. Ni miezi minne sasa. Nimempigia Baba mara tatu nikiwa nimedhamiria, na mara zote tatu tumezungumza habari za karafuu.

Usidhani Abdulbasit ananitendea vibaya. Kila Alhamisi analeta biriani ofisini kwa wote, hata kwa Wilbard, seremala wetu wa Bukoba. Hajawahi kupaza sauti. Mwezi wa kumi alinikuta nasoma wakati wa chakula. Akakichukua kitabu mapajani mwangu, akakifunga bila kuangalia nimefika wapi, akasema, "Yapumzishe macho yako, Hilwa." Kwa upole kabisa. Mchana kutwa nilikuwa nautafuta ukurasa wangu, na nikajiona miaka arobaini mbele, bado nautafuta. Sababu yangu ni hiyo tu. Najua haitoshi kwa wazee, na hakuna kadhi atakayeiandika.

Wangekuwa wakali ningejua pa kushika. Mtu akinifungia mlango, naweza kuugonga mpaka mkono uvimbe. Hawa wameuacha wazi, na kila mmoja amesimama kizingitini ananikaribisha ndani. Ndoa itafungwa Ijumaa hiyo, Wete, kwa Baba, na mimi sitakuwapo. Huu ni msimu wa kazi, dada Khairunisa hawezi kuniachia, na wamekubaliana kwamba haina haja. Abdulbasit ataondoka hapa mchumba na kurudi mume, na mimi nitakuwa dukani nafunga riboni kwenye viti vya harusi ya mtu mwingine.

Sasa nikusimulie ya jana, maana ndiyo yaliyonileta kwenye karatasi hii.

Tulikuwa na harusi ya Waayalandi, katika bustani ya hoteli moja. Bibi harusi anaitwa Nuala, mwalimu wa watoto wadogo, na bwana harusi ni mwalimu mwenziwe. Walitaka mila za kwao zote. Kiatu cha farasi kilichofungwa kitambaa cheupe, kiwe kimetazama juu ili bahati isimwagike. Kengele ndogo ya kupewa maharusi, ili siku wakigombana mmoja aipige na ugomvi uishe. Wilbard aliishika ile kengele mkononi akaipima. "Hii ya Wazungu," akasema. "Mimi na mama Fortunata tungehitaji ile ya kanisani."

Lakini mila waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya watu wa majani. Huko kijijini kwa bwana harusi, magharibi ya Ayalandi, harusi ikishakolea huingia wanaume ambao hawakualikwa, wamefunikwa majani makavu mwili mzima, na kichwani kofia ndefu ya majani iliyofika mabegani, usoni hakuonekani kitu. Hakuna anayewauliza majina. Wanacheza na bibi harusi mmoja mmoja, wanamwachia baraka, wanatoka. Harusi wanayoingia huonekana ina heri. Siku hizi ni marafiki wa bwana harusi wanaopangwa, lakini adabu ni ile ile: yeyote aliyemo ndani haulizwi.

Nuala alipotuonesha picha nilijizuia kucheka. Yalikuwa makawa, Mama. Makawa yetu haya haya ya kufunikia chakula, ila makubwa ya kumeza kichwa cha mtu. Mzee wa kwao aliyekuwa akiyasuka mikono imemlegea, na hapa hakuna anayeijua kazi hiyo. Dada Khairunisa akasema, "Mnahangaika nini? Hilwa katoka Pemba. Mpeni majani tu."

Basi Wilbard alipelekwa Hatta, kwenye shamba la mitende, akarudi na gari limejaa. Si kama ukindu wetu. Majani yake ni magumu, na chane zake zinakata. Niliyaroweka kwenye beseni la bafuni kwetu siku mbili, mpaka Roselyne ninayeishi naye akaniuliza kama nafuga mbuzi. Nikasuka ukili mpana ulionifunza, mkanda mrefu kama wa mkeka, nikaushona kwa kuuzungusha kuanzia kwenye ncha kwenda chini, makawa saba, na chini yake nikaning'iniza mashada marefu ya kufunika mwili. Wiki mbili. Vidole vyangu vina makovu madogo madogo, nami nakwambia kweli, sijawahi kuwa na raha hapa kama wiki hizo mbili. Mikono ilikuwa na pa kwenda.

Jana alasiri, saa moja kabla ya kuingia, mmoja wa wale wanaume saba akaanza kutapika. Nuala akaja nyuma ya hema, shela mkononi, uso umemwiva. Walikuwa saba tangu enzi za babu wa bwana harusi, hakutaka sita. Dada Khairunisa akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Hilwa, vaa hilo la saba."

"Dada, mimi?"

"Nani atakujua? Hutaonekana hata ukucha. Unacheza na mwanamke mwenzio, unatoka. Yalla."

Naomba hili la kucheza libaki kwako, Mama mzazi asilijue. Nilivaa juu ya buibui langu.

Ndani ya kawa mna joto, na unasikia pumzi yako kama ya mtu mwingine. Nuru inaingia kwa vitundu. Fidla zikaanza, tukaingia kwa mstari, watu wakapiga makofi na kupiga miluzi, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilikuwa mahali ambapo hakuna anayenitazama usoni. Hujui ni kitu kikubwa namna gani. Mimi pia sikujua. Nilisimama wa mwisho. Nuala akanifikia, jasho linamtoka, anacheka, akanishika mikono miwili. Lazima aliona kuwa ni midogo. Akasema kwa Kiingereza kwamba yeyote niliye, nimekaribishwa.

Nikasema, "Sitaki kuolewa na Abdulbasit."

Kwa Kiswahili, ndani ya majani. Sikupanga. Neno nililolitafuta siku ya posa lilikuwa limekaa hapo mdomoni, zima, kama limechoka kungoja. Nikalisema tena kwa nguvu zaidi ili lizishinde fidla, na fidla zikawa zimefika mwisho wa wimbo. Likatoka peke yake kwenye bustani yote. Nuala akaniminya mikono akashukuru, alidhani ni dua. Wageni wakashangilia. Na hatua mbili nyuma yake, ameshika shela, alikuwa dada Khairunisa.

Nilitoka na wenzangu. Nikalivua, nikaenda kukunja vitambaa vya meza.

Tulirudi kwa gari lake, mimi na yeye. Tulipovuka daraja akapunguza redio.

"Nuala kanambia wale watu hawaulizwi majina."

"Ndiyo, dada."

"Mila nzuri." Akangoja taa. "Basi na mimi sikumuuliza mtu, na sikusikia kitu. Wewe umechoka, umefanya kazi kubwa. Abdulbasit kashakata tiketi ya Pemba, atapita Unguja kwanza kumchukua mjomba wake. Tumeelewana, mdogo wangu?"

Nikasema, "Ahsante, dada."

Mama, nimeuandika mstari huo nikausoma tena. Nilimshukuru. Alinifanyia hisani ya kweli, aliona nimeanguka akanifunika, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Akanirudishia kimya changu mikononi kikiwa safi, nami nikakipokea kama nilivyopokea ile chai ya siku ya posa. Usiku kucha nimekuwa nikijiuliza ni mara ngapi mtu anaweza kukubali kitu kwa kusema ahsante mpaka siku moja akute kimekuwa maisha yake.

Kwa hiyo nasema tena hapa, bila majani, kwa mwandiko unaoujua. Mwambie Baba kwamba siku ile sikuridhia. Usimwambie naumwa. Usimwambie nimechoka na kazi, wala kwamba kuna jini, wala usiwaache shangazi zangu waseme kuna mwanamume mwingine, kwa sababu hakuna. Usimtie Abdulbasit kosa. Ni mtu mwema na atapata wa kumfaa. Mwambie tu kwamba Hilwa aliulizwa akashindwa kujibu, na sasa anajibu. Baba ni walii wangu wa kuniozesha na ni mtu anayemcha Mungu. Akijua, hataweza kukaa mbele ya kadhi. Asipojua, ataniozesha kwa furaha, na mimi sitakuwa na la kumlaumu maisha yangu yote, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko hasira yake.

Najua kitakachofuata. Kazi itakwisha, na kibali kitakwisha nayo. Nitarudi Wete na begi moja na watu watasema wiki mbili, labda mwezi. Nitaomba nafasi ya kufundisha. Cheti changu cha ualimu bado ni kizuri. Je, kile chumba chako cha uani bado kina kitanda? Huna haja ya kunijibu kwa simu. Ukikifagia tu, inatosha.

Dada Khairunisa nitamwambia mwenyewe Alhamisi asubuhi, na nitamwomba pasi yangu. Nasema nitamwambia. Jana pia nilikuwa na mdomo. Kwa hiyo usinisubiri mimi, Mama. Wewe nenda kwa Baba ukishamaliza kusoma, hata kama goti linauma, chukua bodaboda.

Nisalimie Mama mzazi, umpe mkono wangu. Nisalimie Zein na mkewe, na bibi Arwa wa nyumba ya pili, mwambie dawa ya macho aliyoniagiza nimeipata. Wasalimie wanafunzi wako wote wa ukili, na yule anayesuka ovyo usimpige vidole, ulikuwa unanipiga mimi na unaona nimejifunza vilevile.

Barua hii anaichukua Azzam, yule mfanyabiashara wa vitambaa wa Chake. Anasafiri Jumanne. Nitampelekea nyumbani kwake Deira leo kabla ya adhuhuri, na nimeshamwambia kwenye simu kwamba nikiitaka tena asinipe. Akacheka, akauliza kama ndani mna hela. Nikamwambia hamna. Basi akikueleza kwamba nilimfuata mpaka uwanja wa ndege nikimsihi anirudishie bahasha yangu, mtilie chai, msikilize mpaka amalize, halafu vaa buibui lako uende kwa Baba.

Mwenyezi Mungu akupe nguvu ya miguu na ulimi, na atukutanishe uani kwako tukiwa hai.

Akupendaye kama mama wa pili,

Mwanao,
Hilwa