Nambari Sita Kutoka Bumula

Jumapili, Matisi. Mvua ilianza tukitoka kanisani na bado inanyesha, ile ya polepole isiyo na haraka. Nimevaa soksi jozi mbili na chai iko karibu. Moyo umetulia kuliko ulivyokuwa wiki nzima, na ndiyo maana naandika.

Wiki yenyewe ilianza vibaya. Jumanne stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, laptopu yangu ya zamani ikaungua. Fundi wa mjini aliifungua, akainusa, akanipa pole kama mtu aliyefiwa. Alhamisi nikanunua ingine iliyotumika, nikatoka mbio kwenye agroveti ninakouza mbegu na dawa za ng'ombe, nikafika nyumbani na kuandika jina na neno la siri la akaunti yangu ya gemu. Duka la mtandaoni ninakonunulia gemu likaniambia halijui kompyuta hii, kwa hivyo limetuma nambari sita kwa barua pepe yangu. Likanionyesha herufi ya kwanza ya hiyo barua pepe, na nyota nyingi nyuma yake.

B.

Mimi naitwa Naliaka. Niliiangalia hiyo herufi mpaka chai ikapoa.

B ni Barasa, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Bumula. Yeye ndiye aliyenifungulia akaunti miaka tisa iliyopita, nikiwa ndio nimemaliza sekondari na sina barua pepe yoyote ninayoikumbuka. Akaweka yake, akasema tutabadilisha baadaye. Hatukubadilisha. Na sasa ni miaka miwili mimi na Barasa hatuongei.

Ni salamu tu. Krismasi tulikula kwa nyanya, meza moja, akanipitishia ugali bila kuniangalia usoni.

Wasiocheza gemu watashangaa tulikosania nini. Tulikosania maduka. Tuko na kundi la wachezaji wa Kitale na Bungoma kwenye simu, na ubishi wetu wa kila siku ni gemu za kompyuta zinunuliwe wapi. Kuna duka tunaloliita Duka Kubwa, ndilo langu, lenye kila kitu. Huko unaona marafiki zako wanacheza nini, na ukicheza gemu chini ya saa mbili ukaona halikufai, unalirudisha bila maswali mengi. Kuna Duka la Bure, linalogawa gemu moja kila wiki ndio watu wahamie. Halafu kuna Duka la Mwalimu. Tunaliita hivyo kwa sababu ni mwalimu mmoja tu wa Naitiri analitetea. Hilo ukinunua gemu unapewa faili lenyewe, halijafungwa na akaunti wala mtandao. Kwao Naitiri mtandao ni wa kubahatisha, kwa hivyo Mwalimu anapakulia Kitale mjini, anaweka kwa diski, anarudi nayo nyumbani kwa mfuko wa shati. Wimbo wake ni mmoja: nyinyi wa Duka Kubwa hamna gemu hata moja, mmeazimwa tu, siku moja mtafungiwa nje. Mimi nilikuwa namcheka.

Barasa alihamia Duka la Bure wakati alipoteza kazi. Hakutuambia ni hiyo sababu. Aliandika tu kwa kundi ati mtu anayelipia gemu wakati zingine zinagawanywa bure ni mjinga. Ilikuwa utani, kila mtu alijua. Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka na mdomo wangu hauna breki nikichoka. Nikarekodi sauti, nikamuuliza ni lini yeye alilipia kitu, na si hata chakula analipiwa na mke wake.

Kundi zima lilisikia. Wengine wakaweka vicheko. Barasa akatoka kwa kundi hapo hapo.

Nilimkata maini mtu aliyenifundisha kucheza. Nimeandika mengi kwenye blogu hii lakini hilo sijawahi kuliandika.

Ijumaa niliwaambia wa kundi kwamba nimefungiwa nje ya akaunti, bila kueleza yote. Ushauri ukamwagika. Wa Duka la Bure walisema hiyo ni dalili ya kuhama, njoo uanze upya, kabla mwaka uishe utakuwa na gemu za kutosha. Wa Duka Kubwa walisema niandikie duka barua, nitume risiti. Nikawaambia sina risiti hata moja, na ni kweli, sikuwahi kuona risiti. Mwalimu nilimngoja aseme si nilikuambia. Aliandika tu, “Pole, Naliaka,” na hiyo ikaniuma kuliko matusi.

Wote walikuwa na akili. Akaunti mpya ni dakika tano. Hata gemu zenyewe, nusu sijafungua. Nilijiuliza kwa nini nang'ang'ana, nikaona afadhali nijijibu ukweli.

Jina la Barasa bado liko kwenye orodha yangu ya marafiki huko Duka Kubwa. Limefifia, na chini yake duka limeandika ni lini alionekana mara ya mwisho, zamani. Lakini hakuwa amenifuta. Kila nikiingia, nilikuwa naangalia hapo kwanza kabla ya kufungua chochote. Nimelitetea Duka Kubwa humu ndani mara nyingi, nikataja bei, maoni ya wachezaji, urahisi wa kurudisha. Sikuwa nadanganya. Sikuwa tu nasema yote.

Nilibaki kwa sababu ya jina moja.

Jana nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Bumula na laptopu kwa mfuko. Ningepiga simu, lakini niliogopa angenisomea nambari sita na kukata.

Barasa siku hizi ana kibanda cha kupiga picha za pasipoti na kuchapa programu za mazishi. Nilimkuta peke yake na rundo la karatasi, mashine ikitema zingine. Aliniangalia, akaangalia saa ya ukutani.

“Naliaka. Keti hapo unisaidie kukunja. Wenyewe wanakuja saa nane.”

Nikaketi, nikakunja. Picha ya marehemu ilikuwa ya mzee wa kofia aliyetabasamu kidogo. Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno ya kuomba msamaha. Zingine nilizikunja zikaenda upande, Barasa akawa anazinyoosha. Mwishowe nikasema nimekuja kwa sababu ya akaunti.

“Najua. Nambari ililetwa Alhamisi. Nikasema huyu ni Naliaka ama ni mwizi. Nikangoja nione nani atakuja.”

Sikujua kama anatania. Akasema ile ilishapitwa na wakati, niombe ingine. Nikafungua laptopu, nikaomba, simu yake ikalia juu ya karatasi. Akanisukumia nisome mwenyewe.

Nikaona nambari. Halafu nikaona yaliyo chini yake. Zilikuwa ni risiti, moja baada ya nyingine, za kila gemu nililonunua tangu tukosane. Duka lilikuwa linampelekea yeye, na mimi sikuwahi kufikiria risiti zangu zinaenda wapi. Zote zilikuwa zimefunguliwa. Hakuna hata moja iliyokuwa na maandishi mazito ya barua isiyosomwa.

“Ile ya treni,” Barasa akasema, macho kwa karatasi. “Ulimaliza?”

Hakuna mtu anayejua nilinunua gemu la treni. Kwa kundi huwa nawacheka wanaozinunua.

Nikamwambia niko katikati. Ndipo ikaniingia kwamba miaka miwili yote huyu mtu alikuwa na ufunguo. Angebadilisha neno la siri siku ile ile nilipomwaibisha, achukue kila kitu, na nisingekuwa na la kusema. Hakugusa. Machozi yakanitoka, nikayapangusa na kiganja ili yasiangukie picha ya mzee wa watu.

“Bara, yale nilisema kwa kundi. Nilikosea sana. Nisamehe.”

“Ulikosea,” akasema. Hakunirahisishia, na namshukuru kwa hilo. Akakunja zingine tatu. “Niliumia, bana. Lakini na mimi, kila risiti ikija nasema leo nitampigia. Halafu sipigi.”

Tukamaliza rundo. Nilipoingiza zile nambari, duka likafunguka, akanyoosha mkono.

“Lete barua pepe yako tubadilishe sasa hivi, usije ukahangaika tena.”

Ndilo jambo la akili. Mwalimu angenifunga kwa kiti mpaka nikubali. Nikaangalia simu, nikamwangalia yeye.

“Acha tu ikae.”

Akachukua simu yake. “Ukinunua upuuzi nitaona.”

“Ona,” nikamwambia, na akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho nilikuwa nimekisahau.

Leo baada ya kanisa nimeingia. Treni yangu ilikuwa pale pale nilipoiacha, stesheni ya tatu. Jina la Barasa bado limefifia, na sikumwomba arudi Duka Kubwa. Halafu nikaenda kwa ofa, nikatafuta gemu ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulinunua, nikalipata. Ni gemu la kuosha magari. Unashika mpira wa maji na unaosha gari, basi. Nikalinunua.

Sijamaliza hata gari la kwanza, ujumbe ukaingia kutoka Bumula, wa kwanza kwa miaka miwili.

“Kuosha gari? Naliaka, bana. Rudisha hiyo kabla ya saa mbili kuisha.”

Mvua bado inanyesha. Nimeosha pikapu, nimeosha lori, nimeosha basi la shule mpaka magurudumu. Duka linasema nimecheza saa mbili na dakika kumi.