Niliacha Vidonge Ili Nionje Pombe ya Shamba

Mshauri, naomba msaada wa haraka, hata kukaa siwezi, nakaa nasimama.

Mimi ni kibarua wa kupakia magunia ya mahindi hapa Laela, mke wangu Silvana alishatangulia, niko na binti yangu Winifrida. Nimepasuliwa tezi dume huko Sumbawanga, mpira wa mkojo wakautoa, wakanipa vidonge ili wadudu wasiingie kwenye kidonda, nesi akasema mzee umalize vyote na pombe usiguse. Sawa. Ila shamba langu halijalimwa, na huku ukitaka watu wakulimie unapika pombe ya ulezi, wanakuja na majembe, na mwenye pombe ndiye anaanza kunywa, usipoanza watu wanasema umeweka kitu. Basi nikaacha vidonge, dawa iishe mwilini, Jumamosi nionje. Sasa tangu jana natetemeka, mwili moto, mkojo unachoma na unanuka. Shemeji yangu Isdori ananiambia, "Shemeji, wamekukata tezi au akili? Rudi hospitali!" Namwambia watu nimeshawaalika. Na yule nesi ni binti mdogo, nitaanzaje kumweleza mambo ya huko chini? Nisubiri Jumamosi ipite, au nimeze vyote vilivyobaki leo?

Eustaki, Laela

Mzee Eustaki, shikamoo. Baada ya shikamoo, nakugombeza.

Pole kwa kuugua bila mwenzako. Lakini usisubiri Jumamosi, usisubiri hata kesho. Homa na kutetemeka baada ya upasuaji huo, huenda wadudu wameshaanza kuingia kwenye damu, na hao hawangoji watu wamalize kulima. Inaua hiyo, mzee wangu.

Vidonge vilivyobaki usivimeze kwa mkupuo, wala usikimbilie vingine dukani. Vibebe na pakiti yake, panda gari leo hii urudi walikokupasua. Ukizidiwa, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Isdori akusindikize. Ukifika sema wazi: nina homa, na dawa niliacha. Nesi unayemwonea haya kauguza wengi kama wewe, huna jipya la kumshtua.

Pombe kaipika nani? Si Winifrida? Basi aianze yeye mbele ya watu, na Isdori akirudi apokee kikombe. Atakayeona ina kitu, abaki na kiu yake.

Majembe Jumamosi yatakuja tu, mzee. Yaje kulima. Ukikaa hapo nyumbani, yatakuja kuchimba.