Nguzo za Isimila na Safari ya Mkwe

Alhamisi, 1 Agosti 1957. Mbeya
Madaftari yote yamesahihishwa, shule imefungwa. Maharage yameungua kidogo, tumekula hivyo hivyo. Mume wangu Ambokile amerudi na habari. Bwana Salumu, mwenye lori analoendesha mume wangu, anapeleka mchele Iringa katikati ya mwezi, na ameniruhusu nipande. Nimesema lazima tupitie Isimila, kwenye korongo lenye nguzo za udongo mwekundu. Ambokile akauliza naenda kutazama udongo wa nini, kwani hapa umekwisha? Mwaka wa tatu huu nafundisha watoto jinsi maji yanavyokula ardhi, na mfano wangu ni mfereji ulio nyuma ya choo. Nimeuchoka mfereji ule.

Jumamosi, 3 Agosti
Nimechora njia kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili. Chimala, Igawa, Makambako, Sao Hill. Isimila iko karibu kabisa na Iringa. Siku mbili, tutalala Makambako. Mama Luka, Mhehe ninayefundisha naye, amekulia upande ule. Nguzo ni ndefu kuliko kanisa, anasema. Kwa nini mvua haiziangushi? Hajui. Zinashikika, au ukigusa zinamomonyoka? Hajui, aliziona kwa mbali tu akipita na mbuzi. Mtu amekulia pale na hakuwahi kushuka kutazama! Mimi ningekufa.

Jumanne, 6 Agosti
Ambokile na mdomo wake. Jana alikwenda Tukuyu, akamsimulia baba yake safari yetu. Baba mkwe naye anakuja.

Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe. Hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, wakikutana njiani anaingia majanini mpaka mzee apite. Jina lake sijapata kulitamka, na hata humu siliandiki. Lori lina kiti kimoja tu, cha mbele. Mume wangu anayajua yote hayo tangu utoto, na hakuyafikiri hata kidogo. Aliona fahari kumpakia baba yake, basi.

Ijumaa, 9 Agosti
Mzee amefika. Analala kwa jirani. Kutwa nimezunguka nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku.

Leo ndiyo nimejua anachokifuata. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza alikuwa mpagazi. Walilala kwenye korongo lile lile, yeye na mdogo wake. Mdogo alikuwa na homa. Hakuamka. Walimzika kule mwisho wa korongo, asubuhi wakabeba mizigo wakaendelea. Mzee hajarudi tangu siku hiyo. Anataka kuona kaburi kabla miguu haijamwisha.

Nimemhurumia sana. Na nimekereka, lazima nikiri. Mtu pekee ninayemjua aliyelala kati ya nguzo zile ndiye mtu pekee nisiyeweza kumwuliza. Nilimpa Ambokile maswali matano ampelekee. Alikaa kwa jirani saa nzima, akarudi na jibu moja.
"Anasema ni nyekundu."

Jumapili, 11 Agosti
Ambokile anasema nibaki, nitakwenda mwaka mwingine. Mwaka upi? Nani atanipa lori? Nimekasirika, sijasema naye tangu kanisani.

Mchungaji alishasema Wakristo tunaweza kuiacha mila hii. Wake wengine siku hizi wanawapa wakwe zao mkono. Mimi siwezi. Mzee hajaomba mkono wangu, na mama yangu hakunilea hivyo. Siogopi laana. Ni heshima, na ni yangu pia. Lakini kwenda nataka. Nayataka yote mawili, na sioni aibu.

Jumatano, 14 Agosti
Nimepata. Nitapanda nyuma, juu ya magunia, na turubai litanifunika. Yeye mbele na mwanawe. Tukisimama, yeye anashuka kwanza, anakwenda zake, ndipo mimi nashuka. Ambokile anaona aibu, mwalimu mzima kubebwa kama mchele. Nimemwambia aibu angeiona Tukuyu, kabla hajafungua mdomo.

Bwana Salumu amecheka mpaka kofia ikamwanguka. Wazee wake walitoka pwani.
"Kwetu mke wa mwanangu ni binti yangu. Ananipikia, tunapiga soga. Sasa mama, huyu mzee amekukosea nini?"
Hajanikosea kitu. Nilimweleza mara mbili, hakuelewa. Lakini amenipa gunia tupu la kukalia.

Mtoto wetu Ipyana nimempeleka kwa dada. Hakulia. Nililia mimi.

Alhamisi, 15 Agosti. Makambako
Nchi yote nimeiona kinyumenyume, kwa tundu la turubai. Baada ya Chimala vumbi la kijivu, miiba, ng'ombe wa Wasangu. Halafu ardhi ikaanza kuwa nyekundu. Nilikodoa macho nione inapobadilikia, lori likaruka shimo, nikakosa. Meno yamejaa mchanga. Baridi hapa ni kali. Mzee anakohoa sana.

Ijumaa, 16 Agosti. Iringa
Nimeziona.

Niandike kwa utaratibu. Pancha huko Sao Hill ilikula muda wetu mwingi. Tulifika Isimila jua limeshainama, na mchele ulitakiwa kufika ghalani leo leo. Mzee na Ambokile walishuka korongoni. Njia ni moja, nyembamba. Mimi juu ya magunia, nasubiri wapande. Nikahesabu mpaka mia tano. Nikajua hawatapanda mapema, na wakipanda tutaondoka moja kwa moja. Maili zote zile, kuja kutazama turubai. Machozi yalinitoka, ya hasira.

Ambokile akaja mbio. Magoti ya baba yamegoma, hafiki mwisho.
"Baba anasema mwenye miguu ashuke. Na mwenye maswali."

Nilijifunika kanga kichwani nikashuka. Mzee alikuwa amesimama kando ya njia, uso ameuelekeza kwenye nguzo ya kwanza, blanketi kalivuta mpaka utosini. Tangu lini baba mkwe akajificha? Ni mimi wa kujificha. Nikapita nyuma ya mgongo wake, pumzi nimeibana.

Nguzo ni ndefu kuliko kanisa, kweli. Nyingine zimevaa jiwe kichwani, nadhani hilo ndilo linalozikinga na mvua. Zinashikika. Ukikwaruza kwa kucha unapata unga mwekundu. Nilitembea mpaka mwisho kabisa. Kule kuna rundo la mawe lililopangwa kwa mikono, refu kama mtu mfupi. Kichwani limesimamishwa jiwe moja bapa. Majani yamelizunguka. Niliyang'oa, nikasali, nikarudi. Mzee alikuwa bado ameelekea nguzo.

Jumamosi, 17 Agosti. Iringa
Tumelala kwa ndugu yake Bwana Salumu. Wanaume chumba cha kwanza, mimi cha pili. Ukuta haufiki darini.

Asubuhi Ambokile ameingia. Zamu hii swali limetoka kwa mzee. Mwalimu aliona nini kule mwisho?

Sikumwamini Ambokile na jibu refu. Nimeliandika kwenye karatasi, akaenda kumsomea. Nilimsikia akisoma, taratibu, mawe, urefu, majani niliyong'oa. Alipofika kwenye jiwe bapa mzee alimwambia arudie. Akarudia. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

Kisha sauti ya mzee mwenyewe, karibu kabisa na ukuta.
"Lile jiwe nilisimamisha mimi. Asante, mwanangu."

Miaka sita ya ndoa. Ni mara ya kwanza kusema nami. Kujibu hakuruhusiwi. Nimekohoa kidogo, ajue nimesikia.