Farasi ya Maharagi ku Meza Yetu

Siku ya posho, tarehe 7 mwezi wa sita

Fuu! Leo nimeona kintu ya kuchukiza, na ni mu nyumba ya dada yangu. Natoka ku shamba, mvua imenipiga, naingia—vita ku meza ya chakula! Magloire, kijana wa jirani, alileta muchezo kutoka Goma, sheria zote ziko mu telefone yake. Banachora makaro, miraba midogo, ku karatasi kubwa. Kila muntu anajifanya mupiganaji wa zamani, ao muchawi. Banatupa dé, ile dadu ya namba, banauana. Aurélie wangu anacheka mpaka machozi! Binti niliyemubatizisha!

Na bale bapiganaji ni maharagi. Mbegu yangu! Ile nilichagua moja moja juu ya kupanda. Nikauliza: mbegu iliwakosea nini? Magloire asema: "Mama, tulia, hii nyekundu iko farasi tu." Farasi! Vidole vyao vyeusi, mafuta ya mandazi. Nani atapanda ile?

Lakini Plamedi pia anacheza. Tangu tukimbie kijiji yetu Ngungu tukafika hapa Muheto, mutoto wangu wa kwanza anasema tu "ndiyo" na "hapana". Leo alisema mingi. Njo maana nilibaacha bacheze, nikaenda kuanika nguo.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Tumetoka ku kanisa, midomo ingali na nyimbo—banaanza tena. Leo nimesikia sheria ya farasi. Muntu wa miguu anatembea makaro sita. Juu ya farasi, kumi na mbili. Unakuja mbio, unachoma muntu mukuki, unapita, hata hakugusi! Banafurahi sana na ile. Mimi nikatoka inje, nikatema mate nyuma ya jikoni. Bale bantu ba bunduki balituvamia Ngungu, njo vile balifanya: mbio, kupiga, kupita. Utamu iko wapi?

Aurélie akagombana juu ya kubeba bantu. Farasi inabeba bangapi? Magloire: babili, na mwendo inapunguka.

"Babili tu? Pikipiki ya Ngungu inabeba batano na mbuzi!"

"Dada, farasi haina porte-bagages ya kufungia mizigo."

Bakacheka. Plamedi hakucheka. Najua juu ya nini. Ile siku ya kukimbia, pikipiki yetu ilikuwa na mimi, na Aurélie, na yeye mwenye kuendesha. Matope mpaka magoti, tairi inateleza. Papa yao Édouard akashuka ku pikipiki, pale ku kilima. Akasema: endeni, nakuja na miguu. Hatujamuona tena. Hakuna hata muntu wa kusema nilimuona.

Siku ya pili, tarehe 10

Asubuhi Plamedi asema anarudi Ngungu kutafuta Papa. Nikamuambia hapana. Bamama ba soko barudishwa jana na masasi! Akaacha sombe, majani ya muhogo, mu sahani. Sikulala vizuri, sikula vizuri, naomba tu.

Siku ya ine, tarehe 12

Muchezo tena, na sasa ni Plamedi anaamua hadithi. Kuko muzee mumoja, anabaki mu kijiji, maadui bamemuzunguka. Mwenye farasi aende kumutoa. Basi.

Anauliza sheria sawa muntu wa soko. Kupanda farasi? Inakula nusu ya mwendo wako. Kushuka? Nusu. Na bakiua farasi chini yako? Unatupa dé, ukikosa unaanguka mu matope. Magloire asema: "Kaka, unataka kuinunua ao?"

Akajaribu—farasi ikakufa. Akajaribu—muzee akachomwa mukuki. Banapangusa maharagi, banamusimamisha muzee tena, banamuua tena! Mara na mara! Ile ni kinyaa. Muntu akikufa amekufa, haurudishi ku meza na kidole. Nikaona uso ya mutoto wangu. Haichezi ile uso. Iko inajifunza njia.

Siku ya posho, tarehe 14

Leo Plamedi ameipata njia.

Mwenye farasi anafika, anashuka, anamupandisha muzee. Anapiga farasi matako. Farasi inaenda na muzee peke yake. Magloire akasoma mu telefone, akasoma, akakuna kichwa. Asema: "Inawezekana, kaka. Lakini wewe unabaki katikati yao."

"Muzee anafika?"

"Anafika."

Aurélie akaweka chini muhindi ya kuchoma alikuwa anakula. Asema ni muchezo mubaya, hautaki tena. Nikanyakua ile karatasi, nikaitupa mu moto chini ya sufuria, maharagi na dé na yote! Magloire akalia: "Mama! Mama, jamani!" Plamedi hakulia. Akanawa mikono. Akaniuliza polepole, na heshima yote, kama essence ya pikipiki ilibaki mu bidon.

Sasa Plamedi iko mu cour, ku uwanja, anafuta pikipiki na kitambaa. Aurélie anamushika shati, anamutukana, analia. Magloire anasimama tu sawa muti. Mimi niko ku kiti ya mulango, naandika kwa sababu mikono inaomba kazi. Ufunguo wa pikipiki nimeukalia.

Ameacha kitambaa. Anakuja. Anasimama mbele yangu, murefu sawa papa yake, ananitolea mukono.

Asema: "Mama, simama kidogo."