Wazee, Masanduku Mawili na Modeli Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Profesa amenirudishia rasimu. Wino mwekundu kila ukurasa! Kwa ufupi: wazee hujifunza polepole, kila mtu anajua, modeli ya zamani inatosha, niache kuhangaika.

Kila mtu anajua! Hapo ndipo ninapowashwa.

Mchezo wenyewe rahisi. Masanduku mawili kwenye skrini, la bluu na la njano. Moja hutoa pointi mara nyingi, jingine mara chache. Katikati tunayabadilisha kimyakimya: la mara nyingi linakuwa la mara chache. Vijana huhama haraka, wazee hung'ang'ania la zamani. Na modeli — yaani hesabu ndani ya kompyuta inayojaribu kuchagua kama binadamu — inasema vichwa vyao vimekuwa vizito. Siamini. Sina ushahidi, lakini siamini.

Jioni Kaka kapiga simu. Anataka Baba amkabidhi funguo za karakana. Eti mzee hashiki mambo tena: muuzaji kamletea mbao zilizopinda, na bado anarudi kwake. Nikamwambia Baba ni seremala tangu sisi hatujazaliwa. Akasema hilo ndilo tatizo lenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimeona!

Nilikuwa natazama walichochagua. Kumbe nitazame muda wanaochukua kuchagua. Masanduku yakishabadilishwa, pointi zikikosekana mara ya kwanza tu, vidole vya wazee vinasita. Vya vijana havisiti hata kidogo. Kwa hiyo wazee wameshashtuka! Wanajua kuna kitu — ila wanalipatia sanduku la zamani nafasi nyingine, maana hata sanduku zuri hutoa patupu mara mojamoja.

Uzito wa kichwa uko wapi hapo? Wanasubiri uhakika.

Nikamtoa Kibiriti kwenye chai yake. (Mwandishi wetu wa programu. Huwaka kwa neno moja.) Kaguna. Katazama. Kaguna tena. Halafu akavuta kiti. Kibiriti kuvuta kiti ni sawa na mwingine kupiga vigelegele.

Ijumaa, 8 Machi

Tumeingiza subira kwenye modeli. Namba moja tu ya ziada — na imeoana na data kama pete na kidole!

Kibiriti hakucheka. Nguo ukimshonea mtu aliyesimama mbele yako, anasema, lazima imkae. Mshonee usiyemwona, yaani modeli itabiri watu ambao haijawaona.

Haki yake. Basi: tukifanya sanduku zuri litoe pointi kila mara, bila kukosa, hakutakuwa na cha kusubiri. Patupu moja inatosha. Modeli yangu inasema wazee watahama haraka kama vijana. Ya zamani inasema watachelewa vilevile. Nimeuweka utabiri mezani kwa Profesa kabla hatujampima mtu yeyote. Kasema nimejichimbia kaburi kwa mkono wangu.

Jumatatu tunaanza kuwaita wastaafu wapya.

Alhamisi, 14 Machi

WAMEHAMA!

Wazee wapya kabisa, wastaafu watupu, na wamehama papo hapo! Mistari yao na ya vijana kwenye grafu imelaliana, huitenganishi. Bibi mmoja, mkunga mstaafu, kauliza kama hatuna mchezo wa watu wazima, huu ni wa watoto.

Kibiriti kapiga meza, kikombe kikaruka. Profesa kaitazama grafu amesimama, kisha akakaa, kisha akavua miwani. "Binti, umenivua nguo mchana kweupe." Akacheka mpaka machozi. Jumatatu nieleze mbele ya idara nzima!

Nimeshuka ngazi naimba. Mlinzi kanipigia saluti, sijui ya nini. Nimeipokea.

Jumamosi, 16 Machi

Mdomo wangu huu! Nimewasimulia Baba na Kaka mezani, na Kaka kadaka hapo hapo: basi mpime Baba, mashine iamue funguo zishikwe na nani. Nimemweleza modeli inazungumzia kundi, haimhukumu mtu mmoja. Na masanduku si karakana! Sikumaliza. Baba alishavaa koti. "Twende."

Sasa tuko maabara. Naandika kwenye kona, wao mbele ya skrini. Nimerudia: hakuna hukumu itakayotoka humu. Nimewawekea mchezo wa kwanza, ule wa patupu za mara mojamoja. Baba kaketi, vumbi la mbao kwenye kucha. Kaka kasimama nyuma yake, kakunja mikono.

La bluu limempa Baba pointi tele. Anacheka peke yake.

Masanduku yamebadilika. Mimi najua, wao hawajui.

Bluu. Patupu. Baba kakuna kidevu.

Bluu tena. Patupu.

Mkono wake unaenda kwenye la njano —

"La bluu, mzee!" Kaka huyo, kapaza sauti. "Si umeona mwenyewe? La bluu ndilo lenye pointi! Unahangaika nini?"

Nimeuma kalamu nisicheke. Baba hajageuka. Kidole kiko juu ya la njano, anamuuliza Kaka, taratibu kabisa: "Una uhakika, mwanangu?"