Boma la Shemeji

Garissa, Jumatano, Machi 1996

Na leo tena Hassan, kaka wa mke wangu, amechagua kete nyeusi. Sataranji yake ni moja tu. Nikisogeza askari aliye mbele ya malkia, anamzuia kwa askari wake, kisha anamwegemeza huyo wake kwa mwingine, anaziba kila mwanya kama anayejenga boma la miiba. Tangu alasiri sikupenya, na wanywa chai hapa kibandani wakaanza kunicheka.

Nikamwambia, "Shemeji, ungeziba boma lako hivi, fisi wasingekumalizia mbuzi."

Akamlaza mfalme wake mwenyewe, kama aliyekubali kushindwa, akaondoka. Alikuwa anashinda.

Mke wangu ameshasikia. Haongei nami.

Hata hao fisi hawakuvunja boma, walitafuta mwanya. Mimi wangu nimeupata, kwa ulimi.